Maisha ya Mark Donohue, Dereva Aliyekuwa Mhandisi

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kusoma habari za wafalme, za wavumbuzi na za wanariadha. Muhula huu naomba nafasi nisimulie habari za mtu wa namna nyingine, Mmarekani aitwaye Mark Donohue, aliyefariki dunia mwaka 1975. Alikuwa dereva wa magari ya mashindano. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenzangu wa bwenini husema kwamba hastahili kuandikwa katika gazeti la shule, kwani kazi ya dereva wa mbio ni kukanyaga mafuta na kumwomba Mungu. Siafikiani nao hata kidogo. Bwana huyu alishinda kwa hesabu, na nyingi katika hesabu hizo zinatokana na mambo tunayofundishwa papa hapa katika maabara ya fizikia, pale tunapotundika mawe ya mizani kwenye springi na kupima imerefuka kiasi gani.

Alizaliwa tarehe 18 Machi, 1937, katika jimbo la New Jersey. Alisoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Brown, akamaliza mwaka 1959. Alipokuwa bado mwanafunzi alikuwa na gari aina ya Chevrolet Corvette la mwaka 1957, na siku moja akaliingiza katika shindano la kupanda mlima huko New Hampshire, akashinda. Wengi wangeacha masomo baada ya ushindi wa namna hiyo. Yeye alishika shahada yake kwanza, akafanya kazi ya uhandisi, na mashindano akayafanya siku za mapumziko. Mwaka 1961 alipata ubingwa wa taifa wa chama cha madereva wasiolipwa, akiendesha gari dogo la Kiingereza liitwalo Elva Courier.

Katika miaka hiyo alipata rafiki na mwalimu, dereva mashuhuri aitwaye Walt Hansgen. Hansgen alimzidi umri na uzoefu, akamwazima gari, akamwonyesha njia, na kumtambulisha kwa wakubwa. Mwaka 1965 Donohue aliendesha pia Ford Mustang GT350. Gari hilo nalitaja kwa makusudi, kwa maana lilipotolewa mwaka huo lilikuja na shokapu za Koni zinazoweza kurekebishwa, jambo ambalo magari ya kawaida ya Kimarekani hayakuwa nalo.

Mwezi wa Aprili, 1966, Hansgen alipata ajali katika majaribio ya Le Mans, Ufaransa, akafa. Donohue alimpoteza mwalimu wake, na katika siku za msiba huo akaitwa na tajiri mmoja kijana aitwaye Roger Penske, aliyekuwa dereva naye na sasa alitaka kuanzisha timu. Toka siku hiyo hadi kufa kwake Donohue alikuwa mtu wa Penske. Mwaka 1967 na 1968 alipata ubingwa wa Marekani wa magari ya michezo ya barabarani akiendesha timu hiyo. Lakini mimi nataka kukaa zaidi kwenye gari jingine, nalo ni Camaro.

Yafaa nieleze kwanza hayo magari yalikuwa ya namna gani. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilikuwa vikitia injini kubwa za silinda nane katika magari ya milango miwili ambayo mtu wa kawaida aliweza kuyanunua. Wamarekani huyaita magari ya misuli. Nguvu ilikuwa tele, lakini chini yake mambo yalikuwa ya kale. Mbele mara nyingi kulikuwa na springi za kuzunguka, kila gurudumu na yake. Nyuma kulikuwa na ekseli moja nzito iliyokamata magurudumu yote mawili, mara nyingi imelazwa juu ya springi za bapa za chuma, kama zile za malori tunayoyaona kila siku. Gari la namna hiyo hukimbia vizuri sana katika barabara iliyonyooka. Kwenye kona ndiko linakoaibika.

Mashindano yaliyoitwa Trans-Am yalianza mwaka 1966, na sharti lake lilikuwa kwamba magari yawe yale yale yanayouzwa madukani, na injini isizidi lita 5. Chevrolet wakatoa Camaro Z/28 kwa ajili ya mashindano hayo, na Penske akampa Donohue moja kwa mwaka 1967.

Mwanzo haukuwa mzuri. Camaro za mwaka huo zilikuwa na springi ya bapa moja tu kila upande wa nyuma, na bapa moja halina nguvu ya kuzuia ekseli isijipinde. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli hutaka kuzunguka upande usiotakiwa, springi hujikunja kama herufi S, kisha hujirudisha kwa kishindo, na magurudumu hurukaruka badala ya kusukuma. Akishika breki kwa nguvu, balaa ni lile lile. Kiwanda chenyewe kilikiri ubaya huo kwa vitendo, kwani katika Camaro za mwaka 1968 shokapu za nyuma zilihamishwa, moja ikawekwa mbele ya ekseli na ya pili nyuma yake, ili ekseli ikitaka kujizungusha zikatae zote mbili. Mwaka 1967 Donohue alishinda mara tatu tu na ubingwa ukachukuliwa na Mustang.

Hapo ndipo mhandisi alipojitokeza. Dereva mwingine angesema gari ni baya, au angejikaza aendeshe kwa ushujaa zaidi. Donohue alilichukua gari hadi kwenye uwanja mpana wa lami uliochorwa duara, wahandisi wa Chevrolet wakimsaidia, akawa anazunguka, anazunguka, anazunguka. Jambo hili linaweza kuonekana kama mchezo wa mtoto aliyepata baiskeli mpya. Lakini hebu tulitazame kwa kalamu.

Gari likizunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 30 kwa sekunde 11, matairi yake yanalivuta kuelekea katikati kwa mchapuko wa karibu mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, yaani sawasawa na mvutano wa dunia. Likitumia sekunde 11.5, mchapuko huo unashuka hadi kama 9. Nusu sekunde ya saa ya mkononi inatosha kueleza kama springi mpya imefaa au haikufaa. Hakuna haja ya kubishana, wala kumwuliza dereva amejisikiaje. (Kanuni yenyewe ni ya kidato cha juu, lakini mwalimu wetu wa fizikia alinionyesha, na yeyote anayetaka nitamwonyesha.)

Duara lina faida nyingine, nayo mimi ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Gari linapozunguka kwa mwendo usiobadilika limekwisha kulala upande wake na kutulia. Springi zimekwisha kukandamizwa kadiri ya kukandamizwa kwake. Shokapu hazisogei, na shokapu isiyosogea haina kazi. Kwa hiyo kwenye duara springi husema peke yake, pamoja na ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ambayo mafundi huiita stebilaiza. Ukitaka kujua springi ni nzuri au mbaya, huko ndiko pa kuuliza, kabla shokapu hazijaingilia mazungumzo.

Watu wengi huchanganya kazi za vitu hivi viwili. Springi hubeba uzito. Ndiyo inayoamua gari lilale kiasi gani kwenye kona, na lizame kiasi gani kwenye breki. Shokapu haibebi kitu. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili kupita katika matundu madogo na vali, na kwa kufanya hivyo hugeuza mtikisiko kuwa joto. Ukiigusa baada ya safari ya barabara mbovu utasadiki. Shokapu haiamui gari lilale kiasi gani, bali lilale upesi au polepole. Gari lisilo na shokapu lingeendelea kupanda na kushuka kama springi yetu ya maabara tunapoliachia jiwe, na kila lipandapo matairi hupoteza mshiko.

Basi mtu huchaguaje springi? Hupima kwanza uzito unaokaa juu ya kila gurudumu, maana Camaro, kwa ajili ya injini yake, ni nzito zaidi mbele. Kisha hutazama barabara. Springi ngumu huzuia gari lisilale, lakini barabara ikiwa na mashimo tairi huruka badala ya kufuata ardhi, na tairi lililo hewani halina mshiko wowote. Springi laini hufuata ardhi, lakini gari huyumba kama jahazi. Tena ugumu wa springi ya kuzunguka ni mwepesi kubadilika kuliko tunavyodhani. Ukiongeza unene wa waya kwa sehemu moja katika kumi tu, na mengine yote yakabaki vile vile, ugumu huongezeka kwa karibu asilimia 46. Springi mbili zaweza kufanana machoni pa mnunuzi zikawa mbali kabisa kwa tabia.

Baada ya hapo huja mizani ya mbele na nyuma. Tairi lina tabia moja ya ajabu. Ukiliongezea mzigo mara mbili, mshiko wake huongezeka, lakini haufiki mara mbili. Kwenye kona mzigo huhamia kwenye magurudumu ya nje, na upande wa gari wenye springi au stebilaiza ngumu zaidi hupokea sehemu kubwa ya mzigo huo. Kwa hiyo ukikaza mbele, mbele ndiko kunakokosa mshiko kwanza: dereva anakata usukani, gari linakwenda moja kwa moja kama ng'ombe mkaidi. Ukikaza nyuma, mkia ndio unaotoka na gari hutaka kugeuka litokako. Magari ya Kimarekani yalitoka kiwandani yakiwa na ukaidi wa kwanza, kwani ndio usio na hatari kwa mwendeshaji wa kawaida. Donohue alitaka gari lisimame katikati, na alijua kwamba katikati hiyo haipatikani kwa kununua springi ngumu kuliko zote dukani.

Shokapu zinazorekebishwa hufuata baada ya springi kukubaliwa. Zile za Koni za zamani zilikuwa zifunguliwe kwenye gari, zisukumwe hadi mwisho, kisha zizungushwe kwa mkono. Za siku hizi nyingi zina kitufe nje, na nyingine zina viwili, kimoja cha kusukumwa na kimoja cha kuvutwa. Springi ikiwa ngumu zaidi hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo shokapu hapana budi izuie zaidi wakati wa kuvutwa. Ila mtu akikaza kupita kiasi, gurudumu halipati wakati wa kushuka kabla ya tuta la pili, na gari hujivuta chini kidogo kidogo mpaka linakaa juu ya mipira yake. Hapo mwenye gari hudhani springi zake ni laini, akaenda kununua ngumu zaidi! Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari, ananiambia amewaona watu wa namna hiyo, na pesa zao amezipokea.

Desturi ya Donohue ilikuwa kujaribu na kupima, kisha kujaribu tena, na hilo lilimchukua saa nyingi kuliko kushindana kwenyewe. Mwaka 1968 matunda yakaonekana. Katika mashindano 13 ya Trans-Am alishinda 10, na Chevrolet wakapata ubingwa. Mwaka 1969 wakaupata tena, ingawa Ford walileta magari mengi na madereva hodari.

Sitaficha kwamba timu hiyo ilikuwa na ujanja mwingine. Bodi ya Camaro waliitumbukiza katika asidi ili chuma kiwe chembamba na gari liwe jepesi, jambo ambalo wenye mashindano hawakulipenda, na palikuwa na ugomvi. Donohue mwenyewe aliyaeleza mambo hayo bila haya katika kitabu chake kiitwacho The Unfair Advantage, kilichotolewa mwaka 1975. Mimi nasema ya asidi hayanipendezi. Duara na saa vilikuwa wazi kwa kila mtu, hata kwa Ford, na mtu anayekushinda kwa jambo ambalo nawe ungeweza kulifanya huna la kumlalamikia. Asidi ni habari nyingine.

Baada ya Camaro Penske alihamia kwa kiwanda cha AMC, ambacho gari lake Javelin halikuwa na sifa yoyote ya mashindano yenye kutisha. Wengi walicheka. Donohue akalifanyia kazi kama alivyolifanyia Camaro, na mwaka 1971 Javelin likapata ubingwa wa Trans-Am. Mwaka huo huo, huko Kanada, aliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Formula 1, akashika nafasi ya tatu.

Tarehe 27 Mei, 1972, alishinda mashindano ya maili 500 ya Indianapolis, kwa mwendo wa wastani wa maili 162.962 kwa saa, rekodi iliyokaa hadi mwaka 1984. Kati ya mizunguko 200 alitangulia mizunguko 13 tu, nayo ni ile ya mwisho. Mwenzake wa timu, Gary Bettenhausen, ndiye aliyetangulia kwa muda mrefu mpaka gari lake likaharibika.

Kisha Porsche wa Ujerumani wakamtaka awasaidie kutengeneza gari la mashindano ya Can-Am. Alipofika Weissach, kwenye viwanja vyao vya majaribio, aliwafanyia yale yale aliyoyafanya na Camaro: duara, saa, springi. Mwezi wa Julai, 1972, akiwa katika majaribio huko Road Atlanta, sehemu ya nyuma ya bodi iliruka, gari likapinduka vibaya, naye akaumia miguu. George Follmer akachukua nafasi yake na kupata ubingwa kwa gari ambalo Donohue ndiye aliyelilea. Nimejaribu kufikiri mtu hujisikiaje akilazwa na kumtazama mwingine akiendesha kazi ya mikono yake. Mwaka 1973 alirudi na Porsche 917/30, lenye nguvu zaidi ya farasi 1,100, akashinda mashindano 6 kati ya 8. Mwanzoni mwa mwaka 1974 akatangaza kwamba ameacha mbio. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 36.

Angekaa hapo, hadithi ingekuwa nyepesi kusimulia. Lakini Penske alikuwa amejenga gari la Formula 1, na kabla ya mwaka 1974 kwisha Donohue alikuwa amerudi kwenye usukani. Mambo hayakwenda vizuri. Lile gari la kwanza halikuwa na mwendo, na katikati ya mwaka 1975 timu ikaliacha na kununua jingine la March. Mashindano ya Formula 1 yalikuwa yakifanyika kila baada ya wiki chache katika nchi mbalimbali, na mtu aliyezoea kujaribu siku nyingi kabla ya kushindana hakupata siku hizo.

Tarehe 9 Agosti, 1975, alipumzika kidogo na shida hizo. Alikwenda Talladega, Alabama, na lile gari lake la zamani la 917/30, akazunguka uwanja kwa wastani wa maili 221.120 kwa saa, yaani karibu kilometa 356. Hapakuwa na mtu aliyewahi kufikia mwendo ule katika uwanja wa mbio wa kuzunguka.

Siku nane baadaye alikuwa Austria. Asubuhi ya Jumapili ya mashindano, katika mazoezi ya mwisho, tairi lilipasuka akiwa katika kona yenye mwendo mkubwa, gari likatoka nje na kuvunja uzio. Msimamizi mmoja wa uwanja alipoteza maisha. Donohue alitolewa akiwa hai, akazungumza na watu, na wengi wakadhani amenusurika. Kichwa kikazidi kumuuma. Akapelekwa hospitali katika mji wa Graz, ambako ilionekana damu inavuja ndani ya ubongo, na tarehe 19 Agosti, 1975, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Aliacha watoto wawili wa kiume. Mmoja wao, David, alikuwa mtoto mdogo wa miaka minane wakati ule. Alipokua naye akawa dereva, na mwezi wa Januari, 2009, yeye na wenzake walishinda mashindano ya saa 24 ya Daytona katika gari lenye injini ya Porsche, David mwenyewe akiwa kwenye usukani saa ya mwisho. Baada ya siku nzima na usiku kucha, alimtangulia mpinzani wake kwa sekunde 0.167.